Jentamisini na figo: namna ya kuipiga bila kuzishibisha seli sumu

Ampule ya jentamisini, dawa ya sindano ya kuua bakteria, ya mililita 2 yenye miligramu 80 ni ndogo kuliko kidole, bei yake ni nafuu, na hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kuanzia mtaa wa Keshero mpaka wa Majengo, jina lake kila mwenye kupiga sindano analijua. Unafuu huo ndio unaowafanya watu wasahau kwamba dozi moja isiyo na hesabu mara nyingi haimuui mtu, lakini siku 10 zisizo na hesabu zinaweza kumfunga figo. Haya yameandikwa kwa muuguzi, mkunga na daktari kijana anayeitumia kila wiki bila maabara kubwa karibu. Sheria zote za dawa hii zinatoka mahali pamoja, ndani ya seli ya figo, kwa hiyo tunaanzia huko. Anayezikariri bila kujua zilikotoka ataishika ile isiyo na uzito na kuivunja ile inayookoa.

Dawa inavyoingia ndani ya seli

Ini haliigusi jentamisini. Inazunguka kwenye damu ikiwa nzima na kutoka kwa mkojo ikiwa nzima. Kwa mtu mzima mwenye figo salama, kiasi chake kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hadi 3. Vichujio vya figo hupitisha takriban lita 180 za maji kwa siku, na mkojo unaofika nje ni lita moja au mbili tu. Kilichobaki kinarudishwa mwilini na mirija midogo inayofuata baada ya kichujio. Sehemu ya kwanza ya mrija ndiyo inayobeba kazi kubwa, na seli zake, upande unaogusana na maji yaliyochujwa, zina vinyweleo vifupi vilivyosongamana kama brashi.

Juu ya brashi hiyo kuna kipokezi kikubwa kinachoitwa megalini, na mwenzake kubilini. Kazi yao halali ni kuokoa mali isipotee chooni: albumini kidogo iliyopenya kwenye kichujio, protini inayobeba vitamini D, ile inayobeba vitamini B12. Sasa jentamisini ina vikundi vya amino vinavyoipa chaji chanya nyingi, na megalini pamoja na mafuta ya utando wa seli vina chaji hasi. Vinanatana. Utando unajikunja kuwa kifuko, kifuko kinazama ndani ya seli na kutiwa asidi, megalini inaachia mzigo na kurudi juu kuchukua mwingine, na dawa inasukumwa mpaka kwenye lisosomu, yaani jaa la seli ambako vitu vya zamani huvunjwavunjwa. (Lisosomu iligunduliwa na Mbelgiji Christian de Duve kule Louvain miaka ya 1950, na ilichangia kumpa tuzo ya Nobel mwaka 1974.)

Kwamba megalini ndiyo mlango si kubahatisha. Mwaka 1995 watafiti wa Aarhus, Denmark, walionyesha kuwa inashika dawa zenye chaji chanya nyingi, jentamisini ikiwemo. Mwaka 2002 panya waliozaliwa bila megalini kwenye figo walipewa jentamisini, na dawa haikurundikana kwenye figo zao.

Tatizo ni kwamba jaa hili haliwezi kuivunja jentamisini. Dawa inakaa pale, inanata kwenye mafuta ya utando na kuvizuia vimeng'enya vinavyoyavunja. Mafuta yanaanza kupangana tabaka juu ya tabaka. Chini ya darubini ya elektroni lisosomu iliyojaa inafanana na kitunguu kilichokatwa katikati. Baadaye nyingine hupasuka, dawa inavuja ndani ya seli na kuzifikia mitokondria, seli inakosa nguvu, inakufa na kubanduka. Mabaki yake yanaziba mrija huo huo.

Karibu 5% ya dozi ndiyo inayobaki kwenye gamba la figo, yaani tabaka lake la nje. Inaonekana kidogo, mpaka uangalie muda: kwenye damu nusu ya dawa huondoka ndani ya saa 2 au 3, lakini kwenye gamba la figo nusu huchukua kama saa 100. Dozi ya leo inaikuta ya jana bado imekaa, na ya juzi, na ya kabla ya juzi. Ndiyo sababu siku ya kwanza haina hatari ya siku ya saba hata kama ampule ni zilezile.

Seli nyingine za mwili hazimezi dawa hii kwa wingi namna hiyo, isipokuwa zile za sikio la ndani, ambazo huiingiza kupitia matundu yaleyale yanayopokea mtikisiko wa sauti. Seli za mrija wa figo zikifa huota nyingine. Za sikio hazioti tena; aliyepoteza usikivu kwa jentamisini harudishiwi.

Bido chini ya bati

Megalini ni nyingi, lakini si bila mwisho. Ikishajaa mzigo, dawa inayopita juu yake inaendelea na safari kwenda kibofuni. Mtu wa Goma anayekinga maji ya mvua ataelewa upesi. Weka bido lenye mdomo mwembamba chini ya bati. Mvua kubwa ya nusu saa inapiga, maji yanamwagika pembeni, na ndani ya bido kuna kidogo. Manyunyu ya kutwa nzima, hata kama jumla ya maji ni ileile, yanalijaza mpaka shingoni, kwa sababu kila tone linapata nafasi ya kuingia.

Mdomo wa bido ni megalini. Miligramu 270 zikipigwa mara moja asubuhi ni mvua kubwa: kwa saa chache damu ina dawa nyingi, mlango unajaa, sehemu kubwa inapita, kisha damu inakuwa karibu tupu na seli inapumzika mpaka kesho. Miligramu 90 kila saa 8 ni manyunyu. Jumla ni moja, ila figo linabeba zaidi. Wabelgiji waliupima jambo hili kwa watu wenyewe katika miaka ya 1980: wagonjwa waliokuwa wanangoja kuondolewa figo moja walipewa jentamisini, wengine kwa sindano moja, wengine kwa serumu (dripu) ya siku nzima, kisha figo lililoondolewa likapimwa. Waliopata kwa mkupuo mmoja walikuwa na dawa kidogo kwenye gamba la figo.

Bahati nzuri bakteria nao wanaogopa mvua kubwa kuliko manyunyu. Jentamisini huua kulingana na kilele inachofikia kwenye damu, na bakteria waliopigwa vizuri hubaki wamelemaa kwa saa kadhaa hata dawa ikishaondoka. Kwa hiyo ule woga wa kusema "dozi yote mara moja ni nyingi, tuigawe asubuhi, mchana na usiku" unamdhuru mgonjwa pande mbili: figo linashiba, na bakteria hawapati kipigo. Magonjwa machache, kama maambukizi ya vali za moyo, yana utaratibu wake wa dozi. Hayo yaachiwe daktari bingwa.

Kabla ya ampule ya kwanza

Pima uzito kwa mizani. Kukadiria kwa macho ndiko kunakoleta makosa mengi, hasa kwa mwenye mimba, aliyevimba miguu au aliyekonda. Kwa mtu mnene sana usitumie uzito wote: chukua uzito unaomfaa kwa kimo chake, ongeza 40% ya ziada iliyobaki, na hesabu kwa huo, kwa sababu dawa haiingii vizuri kwenye mafuta.

Chukua damu ya kreatinini, yaani taka ya misuli ambayo figo huitoa, kabla ya kupiga. Usingoje jibu kama mgonjwa ana hali mbaya. Dozi ya kwanza kamili hupewa hata mwenye figo dhaifu, kwa kuwa figo huamua lini ya pili itolewe. Lakini bila kipimo cha kwanza, kile cha siku ya tano hakitakuambia kitu: 1.2 ni nzuri au ni mbaya? Inategemea alianzia wapi.

Jibu likija, hesabu kasi ya kuchuja:

(140 − umri) × uzito wa kilo ÷ (72 × kreatinini ya mg/dl), na kwa mwanamke zidisha kwa 0.85.

Mama wa miaka 45, kilo 54, kreatinini 0.9: 95 × 54 = 5130; 72 × 0.9 = 64.8, 5130 ÷ 64.8 = 79; mara 0.85 ni 67 ml kwa dakika. Anaweza kupata dozi kila saa 24. Mama huyohuyo kreatinini ikifika 1.5, hesabu inashuka mpaka 40. Namba 1.5 kwenye karatasi ya maabara haimtishi mtu, lakini amepoteza sehemu mbili kati ya tano za uchujaji wake, yaani 40 kati ya kila 100. Na hata hiyo 40 ya ml kwa dakika ni ya kumpendelea, maana kreatinini ikiwa bado inapanda, figo liko nyuma ya karatasi.

Chini ya 60, dozi inabaki ileile ila nafasi inapanuliwa kuwa saa 36. Chini ya 40, saa 48. Chini ya 20 usirudie bila kupima kiasi cha dawa kwenye damu. Kwa kuwa kipimo hicho ni nadra kwetu, ushauri wetu ni mkali zaidi: chini ya 60, baada ya dozi ya kwanza tafuta dawa nyingine. Jihadhari pia na mtu aliyekondeana. Kreatinini hutoka kwenye misuli. Asiye na misuli anaweza kuwa na 0.6 huku figo lake likiwa taabani.

Halafu muulize yeye au anayemtunza, kwa maneno mepesi: "Mama, tangu jana jioni umekojoa mara ngapi? Umeharisha? Kabla ya kuja hapa ulipigwa sindano gani, na wapi?" Swali la mwisho lisirukwe. Wengi wanafika wakiwa tayari wamepigwa siku 3 au 4 za jentamisini mtaani, na hesabu ya siku inaanzia huko, si kwenye fishi yako, ile karatasi ya matibabu.

Kuchanganya na kupiga

Mtu mzima: miligramu 5 kwa kilo, mara moja kwa siku. Mama wetu wa kilo 54 anahitaji 270. Ampule ya 80 mg/2 ml ina 40 kwa kila mililita, kwa hiyo 270 ÷ 40 = 6.75. Vuta 6.8 kwa bomba la mililita 10: ampule 3 nzima na 0.8 ya nne. Andika kwenye fishi miligramu, usiandike "ampule 3 na kidogo", kwa sababu zamu ya usiku inaweza kufungua boksi la ampule za nguvu nyingine.

Mshipani: tia ndani ya mililita 100 za serumu ya chumvi 0.9% au glukosi 5%, iende dakika 30 hadi 60. Kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, dakika 30 ni matone 67 kwa dakika. Msulini inawezekana, ila mililita karibu 7 hazikai mahali pamoja. Gawa matako mawili, wakati uleule. Kugawa mahali si kugawa saa.

Usiichanganye na ampisilini, penisilini wala seftriaksoni kwenye bomba moja au mfuko mmoja. Hizo hushikana na jentamisini na kuiua nguvu, na mara nyingi maji yanabaki meupe bila dalili yoyote ya kuonya. Piga moja, suuza mpira kwa serumu ya chumvi, kisha piga nyingine.

Mtoto mchanga ndiye anayehitaji macho mawili. Wiki ya kwanza ya maisha, aliyezaliwa na uzito wa kawaida hupata miligramu 5 kwa kilo mara moja kwa siku. Aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 hupata 3 kwa kilo. Kuanzia wiki ya pili mpaka ya nne ni 7.5 kwa kilo. Dozi hupanda kwa sababu figo lake linakomaa wiki hadi wiki.

Zipo ampule za mililita 2 zenye miligramu 20, na za mililita 2 zenye miligramu 80. Ukubwa mmoja, maji ya rangi moja, maandishi madogo. Za 20 zina 10 kwa mililita na hupigwa kama zilivyo. Ukiwa na za 80 peke yake, fanya hivi: vuta mililita 2 zote, ongeza mililita 6 za maji safi ya sindano, utapata mililita 8 zenye 10 kwa mililita. Mtoto wa kilo 3, siku ya nne: 15 mg, yaani 1.5 ml ya mchanganyiko huo. Mtoto wa kilo 2 wiki ya kwanza: 6 mg, yaani 0.6 ml, kwa bomba la mililita 1. Inayobaki mwaga, usiiweke dirishani kwa ajili ya kesho.

Kosa lenyewe ni hili: muuguzi amezoea "mtoto wa kilo 3, mililita moja na nusu", siku hiyo boksi la 20 limeisha, anafungua la 80 na kuvuta ileile moja na nusu. Mtoto anapata 60 mg badala ya 15, mara nne. Hakuna atakayelia wala kutapika mbele yako. Dawa ya kosa hilo ni kukataza kusemwa kwa mililita kwenye wodi ya watoto wachanga: mwenye kuandika aandike miligramu, na mwenye kuvuta asome ampule kwa sauti mbele ya mwenzake.

Piga asubuhi, kati ya saa 2 na saa 5. Wagonjwa waliopigwa kati ya usiku wa manane na alfajiri walionekana kudhurika figo zaidi kuliko waliopigwa mchana. Kama mgonjwa aliingia saa 7 usiku akiwa mahututi, mpige hapo hapo, kisha dozi ya pili ngojea mpaka asubuhi ya kwanza baada ya saa 24 kutimia badala ya kuirudisha mapema. Ya kuwahisha chini ya saa 24 ni manyunyu tena. Dozi iliyosahaulika haifidiwi kwa kuongeza mara mbili.

Vinavyolisukuma figo shimoni

Jentamisini na diklofenaki. Mchanganyiko huu umezoeleka kwa kila homa yenye maumivu. Figo la mgonjwa mwenye homa na maji kidogo linategemea prostaglandini, kemikali za mwili wenyewe, kuuweka wazi mshipa unaoleta damu kwenye kichujio. Diklofenaki na ibuprofeni zinazikata. Kichujio kinapungua, dawa inakaa muda mrefu mbele ya mlango, na seli zinakula zaidi. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Ikiwa mgonjwa tayari amepigwa diklofenaki asubuhi hiyo, mpe maji na usirudie.

Ukavu wa mwili ni wa pili, na Goma, mji uliowahi kuonja kipindupindu kikali kama cha 1994, hauhitaji kuelezwa maana ya kuharisha. Mwili uliokauka unaamuru mrija wa kwanza urudishe maji kwa nguvu zote. Maji yanasonga polepole na dawa inazidi kukolea. Jaza maji kwanza, kwa mdomo au kwa serumu, jentamisini baadaye. Isipokuwa kwenye maambukizi ya damu, ambako vyote viwili vinaanza pamoja.

Furosemidi inakausha mwili na pia inaliumiza sikio pamoja na jentamisini. Watu hupenda kuipiga "kuamsha figo" mkojo ukipungua. Haiamshi figo lililojaa jentamisini. Inaongeza mkojo kwenye kipimo na kuondoa maji ambayo figo lilikuwa linayahitaji.

Mama mwenye kifafa cha mimba aliye kwenye salfeti ya magnesi ana hatari ya aina nyingine: magnesi na jentamisini zote hulegeza mawasiliano ya neva na misuli, na pumzi inaweza kukatika. Tena magnesi nayo hutoka kwa figo. Hesabu pumzi, pima mkojo kila saa, na glukonati ya kalsiamu iwe tayari kitandani, si stoo.

Potasiamu ya chini, manjano ya ini, umri mkubwa na matibabu ya jentamisini ya wiki chache zilizopita vinaongeza hatari kila kimoja kivyake.

Kuhesabu siku na kusoma mkojo

Kwa mtu mzima, siku 3 mpaka 5 zinatosha mara nyingi. Kazi ya jentamisini ni kuvunja nguvu ya maambukizi mwanzoni, kisha dawa mwenzake inamalizia. Kupita siku 7 kunahitaji sababu iliyoandikwa kwa jina la ugonjwa. Watoto wachanga wenye maambukizi makali na watoto wenye utapiamlo mkali wana ratiba zao za siku 7 au zaidi, na hao ndio wanaostahili kreatinini ya pili bila kujadili bei.

Andika namba ya siku kubwa juu ya fishi: J1, J2, J3 (J ni "jour", siku kwa Kifaransa). Kreatinini ya kwanza J1, kisha J3, J5, J7. Uharibifu hujionyesha zaidi kuanzia siku ya tano mpaka ya saba, na kwa kuwa dawa inakaa ndani ya seli, unaweza kuanza hata baada ya sindano ya mwisho.

Pale pasipo na kreatinini kila siku, bandeleti ya mkojo, kile kijikaratasi cha kuchovya, inasaidia. Seli za mrija wa kwanza ndizo zinazorudisha glukosi na protini ndogo. Ukiona sukari kwenye mkojo huku glisemi (sukari ya damu) ni ya kawaida, au protini ambayo J1 haikuwepo, seli hizo zinaacha kazi. Misuli inayokakamaa au kucheza inaweza kuwa magnesi na potasiamu zinazopotea kwenye mkojo.

Na mkojo wenyewe? Hapa ndipo wengi hudanganyika. Figo lililoumizwa na jentamisini mara nyingi halikauki. Linaendelea kutoa lita moja na nusu, pengine zaidi, kwa sababu limepoteza uwezo wa kukoleza. Mkojo unatoka ukiwa maji matupu, uchafu unabaki kwenye damu. Hivyo mkojo mwingi haumpi mtu cheti. Mkojo mdogo, ndiyo, ni hatari ya wazi: chini ya nusu mililita kwa kilo kwa saa, kwa saa 6. Kwa kilo 54 ni chini ya mililita 162.

Kipimo hakihitaji kununuliwa. Chukua chupa tupu ya maji ya lita 1.5, kata shingo, bandika plasta kwa urefu. Mimina maji kwa bomba la mililita 20, mara 5, chora mstari na uandike 100. Endelea mpaka 1000. Mpe anayemtunza mgonjwa pamoja na kalamu, umwonyeshe mara moja: "Papa, kila akikojoa, soma mstari, andika namba na saa, kisha mwaga." Ataifanya vizuri kuliko zamu iliyochoka.

Kreatinini ikipanda

Ikiongezeka 0.3 ndani ya saa 48, au ikifika mara moja na nusu ya ile ya J1, acha jentamisini siku hiyo. Usipunguze dozi ukaendelea. Kupunguza ni kurudi kwenye manyunyu. Badilisha kulingana na ugonjwa, mara nyingi seftriaksoni, ambayo haipiti mlango huu. Rudisha maji aliyopoteza bila kumfurisha, ondoa kila dawa iliyotajwa hapo juu, pima potasiamu. Seli huota upya na wengi hurudi karibu na hali yao ndani ya wiki 2 hadi 3, mradi hakuna aliyeongeza pigo lingine katikati. Anayevimba, anayepumua kwa shida, anayetapika bila kukoma au mwenye potasiamu iliyopanda apelekwe hospitali kubwa siku hiyohiyo.

Dawa nyingine, milango mingine

Amikasini na streptomisini hupita kwa megalini vilevile. Kanuni ya mara moja kwa siku inazihusu. Kolistini nayo ina chaji chanya na hushikwa na megalini, na huumiza figo haraka. Amfoterisini haingoji mlango, inatoboa utando wa seli. Tenofovir, ambayo wagonjwa wengi wa VVU wanaimeza kila siku, haiingii kutoka upande wa mkojo bali kutoka upande wa damu, kwa wasafirishaji wengine kabisa, lakini inaishia ndani ya seli ileile ya mrija wa kwanza. Kwa hiyo mgonjwa mwenye tenofovir anayepigwa jentamisini ana seli moja inayoingiliwa kwa milango miwili. Mpe siku chache iwezekanavyo, na kreatinini kila baada ya siku 2. Vankomisini pamoja na jentamisini ni ndoa ya kuepuka kama kuna njia nyingine.

Siku ya kutoka, karatasi ya mgonjwa iandikwe mambo manne: jumla ya siku za jentamisini, tarehe ya sindano ya mwisho, kreatinini ya kwanza na ya mwisho, na tarehe ya kurudi kupima, siku 3 hadi 5 baadaye. Muulize kama anasikia kelele masikioni au anayumba akitembea gizani. Halafu mwambie mwenyewe, na aliyemleta, kwamba kwa wiki kadhaa asikubali sindano ya jentamisini wala diklofenaki popote bila kuonyesha karatasi hiyo.